Kidole cha Mwamvita

Siku ya kwanza Scolastica Margwe kuingia kazini, alimwona dresa mkuu, msaidizi wa daktari, akimchoma mzee mmoja sindano ya paja, akaichomoa, akaifuta kwenye mfuko wa koti lake jeupe, huku na huku, kama mtu anavyofuta kisu baada ya kula nyama, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Alidhani macho yake yamemdanganya. Akasogea karibu. Mgonjwa wa pili akachomwa kwa sindano ileile, na wa tatu vilevile. Wa nne alikuwa mtoto mchanga, mgongoni kwa mama mfugaji aliyetembea tangu alfajiri kutoka mbuga za Balangida. Mtoto akalia, sindano ikarudi mfukoni, ikafutwa. Hapo mfukoni palikuwa na doa la kahawia lililokauka hadi kitambaa kikawa kigumu. Scolastica alisogea tena hatua moja.

Akauliza kwa adabu, "Samahani, Bwana Dresa. Sindano hazichemshwi?"

Yule bwana alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Wewe ndiye yule wa misheni?"

"Ndiyo, Bwana Dresa."

"Huku si misheni. Huku ni serikalini. Chukua ndoo ile, ukamwage."

Hivyo ndivyo alivyojuana na Bwana Hermani.

Ulikuwa mwaka wa 1955. Scolastica alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, binti wa wakulima wa upande wa Dongobesh, na alikuwa amesoma uuguzi kwa masista miaka mitatu. Hakuwa msemaji. Alijua kazi yake, alipenda vitu safi, na alikuwa na pua kali kuliko watu wengi, jambo ambalo kwa nesi ni mzigo. Aliomba kazi serikalini kwa sababu baba yake alikuwa amezeeka na alitaka kuwa karibu na nyumbani. Akapangiwa hospitali moja ndogo chini ya mlima Hanang, ambayo wenyeji waliiita Mabatini, kwa kuwa siku zile paa lake la bati ndilo pekee upande ule, liking'aa hata mtu akiwa mbali sana bondeni.

Ilikuwa na wodi mbili, chumba cha kuzalia, chumba cha sindano na jiko. Mkuu wake alikuwa daktari Mwingereza, mtu mrefu, mpole, ambaye kila mtu alimwita Bwana Mganga. Bwana Mganga alipita wodini asubuhi kwa muda wa saa moja hivi, kitambaa chenye manukato kikiwa karibu na pua, akauliza maswali kwa Kiingereza, akajibiwa na Hermani kwa Kiingereza. Mchana alikwenda kuwinda kanga. Kiswahili alikijua kidogo, na Kiiraqw, lugha ya wenyeji, hakukijua hata neno. Kwa hiyo kila alichokijua kuhusu hospitali yake kilikuwa kimepita kwanza mdomoni mwa Hermani.

Hermani alitoka wilaya ya mbali. Wakati wa vita alikuwa Burma, akifunga vidonda vya askari, na hakuna aliyebisha kwamba mikono yake ilikuwa hodari. Lakini alirudi na imani kwamba wanadamu wamegawanyika mafungu mawili, wanaotoa amri na wanaobeba ndoo. Manesi na maaya, yaani wahudumu wa wodi, wote pale Mabatini walikuwa wanawake, na wote walibeba ndoo.

Jiko la primasi la kuchemshia sindano lilikuwepo, na mafuta ya taa yaliletwa kila mwezi. Ila kila siku saa nne jiko lile lilibebwa hadi nyumbani kwa Hermani, nyuma ya hospitali, kumchemshia maji ya kuoga, kwa sababu moshi wa kuni, alisema, unamuumiza macho. Aliyelibeba ni nesi. Aliyebeba maji ni nesi. Likirudi, mafuta yamekwisha. Siku moja liliporudi liliandamana na karai la vyombo, lile la visu na koleo za chumba cha kuzalia. Scolastica alipolisafisha alikuta chini yake kitu kidogo cha manjano, kigumu, kimepinda. Akakiokota akakisogeza dirishani penye mwanga. Ulikuwa ukucha wa kidole cha mguu.

Alitoka nje akatapika kwenye majani. Aliporudi alilisugua karai kwa jivu mara tatu, wala hakumwambia mtu. Mchana ule mwanamke mmoja wa Masakta alijifungua, na koleo zilitoka kwenye karai lile.

Siku zote Hermani alikuwa na neno kwa wanawake wale. "Ninyi watu wa milimani mnanuka moshi na samli tangu mnazaliwa," alikuwa akisema. "Mkinuka usaha kidogo mtapungukiwa na nini?" Aliyechelewa alitukanwa mbele ya wagonjwa. Aliyejibu alipigwa kofi. Na aliyemuudhi sana alipewa adhabu aliyoizua mwenyewe: kusimama mlangoni mwa wodi na ndoo ya bandeji chafu kichwani, mpaka yeye atakapochoka kumtazama.

Scolastica aliiona adhabu hiyo kwa mara ya kwanza ikimpata Natalia, aya wa wodi ya wanawake, mjane mwenye wajukuu. Kosa lake lilikuwa kukaa chini kidogo kupumzisha magoti. Ulikuwa wakati wa uji. Natalia alisimama pale na ndoo kichwani, mama wa watu, nzi wakimzunguka, na maji ya usaha yakimchuruzika polepole kupitia sikioni hadi shingoni. Hakuinua mkono kuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilishika ndoo. Wagonjwa waliinamisha nyuso kwenye vikombe vyao. Hermani aliketi kwenye kiti akila kiazi kitamu.

Scolastica alikuwa ameshika birika. Alimpita Natalia mara nne, akagawa uji hadi kitanda cha mwisho, akafunika birika, akaenda zake. Tangu siku ile hakuweza kunywa uji. Watu walidhani ni tumbo. Yeye alijua kwamba si uji uliomtia kinyaa, ni yule nesi aliyekuwa akiugawa.

Hali ikaenda hivyo karibu mwaka mzima.

Mwamvita Selemani alikuwa nesi mdogo kuliko wote, wa miaka ishirini, binti wa mwenye duka wa Katesh. Kazi aliifunzwa palepale Mabatini. Alikuwa mcheshi. Aliweza kumwiga Hermani anavyokohoa kabla ya kutukana, na ndiye peke yake aliyeweza kumfanya Scolastica acheke siku za kazi.

Asubuhi moja ya kiangazi aliletwa mtu mwenye jipu la paja, kubwa kama tikiti. Hermani alimwita Mwamvita ashike sinia la vyombo. Mipira ya mikono ilikuwa jozi moja tu hospitali nzima, imetiwa viraka vya tyubu ya baiskeli na Julius karani, na ule wa kulia ulikuwa umechanika kwenye kidole cha shahada.

"Bwana Dresa, mpira huu una tundu," Mwamvita alisema.

"Vidole tisa vimevaa, kimoja kiko wazi, na wewe unalilia hicho kimoja?" Hermani akasema. "Au unataka nikuvishe pete? Shika sinia."

Jipu likapasuliwa. Wakati wa kukusanya vyombo, kisu kilimchoma Mwamvita palepale penye tundu. Damu kidogo tu. Akanyonya, akacheka, akaendelea na kazi.

Kesho yake kidole kilikuwa kimevimba. Siku ya pili kikawa cheusi kwenye ncha na hakuweza kukikunja. Aliomba ruhusa aonwe na Bwana Mganga, Hermani akakataa. "Bwana Mganga hatazami vidole vya wavivu. Kaoshe chupa." Akaosha chupa siku nzima kwa mkono mmoja. Siku ya tatu Scolastica alimkuta ameegemea ukuta wa chumba cha kufulia, meno yakigongana. Akapandisha mkono wa gauni lake. Mstari mwekundu ulikuwa umetoka kidoleni, umepita kiwiko, unakwenda kwapani.

Hakumwomba mtu ruhusa. Alimshika Mwamvita kiunoni, akampitisha mbele ya Hermani, wakavuka uwanja hadi barazani kwa Bwana Mganga, ambaye alikuwa akisafisha bunduki.

"Bwana," akasema, "huyu anakufa."

Bwana Mganga alitazama mkono mara moja tu, akaweka bunduki chini. Hapo, ni haki kusema, alifanya kazi upesi na vizuri. Alasiri ileile alikata kidole chote cha shahada, akampa penisilini, akamtazama kila saa. Mwamvita alipona. Natalia alikibeba kidole katika bakuli la bati, kimefunikwa kwa pamba, akakipeleka shimoni, naye alilia njia nzima.

Siku mbili baadaye Hermani alimwita Scolastica ofisini. Daftari kubwa la ajali za kazini lilikuwa limefunguliwa mezani.

"Weka jina lako hapa, penye shahidi."

Scolastica akasoma. Iliandikwa kwamba Mwamvita binti Selemani aliumia kidole nyumbani kwake, akikata kuni kwa shoka, akachelewa kutoa habari kwa uzembe wake. Chini palikuwa na sahihi mbili, ya Hermani na ya Bwana Mganga. Wino wa Bwana Mganga ulikuwa bado unang'aa.

Akaitazama sahihi ile ya pili, nzuri, ya mtu aliyesoma. Usaha una harufu yake na mtu huizoea. Lakini hii harufu iliyotoka kwenye karatasi safi hakuwahi kukutana nayo, na ilimchafua roho kuliko ndoo zote alizozimwaga.

"Sikumwona akikata kuni," akasema.

"Nimekuuliza uliona nini? Nimekwambia uandike jina."

"Siandiki, Bwana Dresa."

Alipigwa kofi. Akabaki amesimama wima. Mstari wa shahidi ukabaki mtupu.

Jumapili ile, baada ya kanisa, Scolastica, Natalia na Mwamvita mwenye mkono uliofungwa walikutana nyumbani kwa Natalia. Scolastica aliandika barua kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa shule. Aliandika habari za sindano zisizochemshwa na jiko lililokuwa likienda kuchemsha maji ya kuoga. Akaandika ukucha ndani ya karai. Alipofika kwenye ndoo ya kichwani alisita, akamtazama Natalia, na Natalia akasema, "Andika, mwanangu. Andika na umri wangu." Mwisho waliomba mipira mipya ya mikono, ruhusa ya kumwona daktari bila kupitia kwa mtu, na jambo la Mwamvita liandikwe kama lilivyotokea. Wawili wakaweka majina, Natalia akaweka dole gumba.

Bwana Mganga aliipokea kwa heshima. Alimkaribisha Scolastica kwenye kiti, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea, akaisoma polepole.

"Wewe umefanya vizuri kuleta kwangu," akasema. "Mimi nataka sikia habari ya kila mtu. Lakini Hermani mtu mzuri sana. Mara moja moja mkali kidogo. Hospitali bila mtu mkali, hapana iwezekana."

"Bwana, Mwamvita hakukata kuni."

Bwana Mganga akakunja barua. "Hii si siasa? Siku hizi iko watu wanapita wanafundisha watu kulalamika."

"Hii ni sindano, Bwana."

"Vizuri. Mimi nitaangalia. Hii barua ni siri yetu." Akatabasamu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa chake akapitisha puani.

Kesho yake asubuhi Hermani aliingia wodi ya wanawake na barua mkononi. Aliisoma yote kwa sauti, mbele ya vitanda kumi na vinane, akiiga sauti nyembamba ya kike. Alipofika kwenye ukucha alivua kiatu akauonyesha mguu wake. "Nani amekosa ukucha? Huu hapa, kila mtu ahesabu!" Wagonjwa wakacheka. Walicheka kwa sababu yeye ndiye aliyeshika sindano, Scolastica alilijua hilo, lakini kicheko kile kilimtambaa mwilini kama funza. Kisha Hermani akaikunja barua, akaitia mfukoni, mfuko uleule wenye doa.

"Hili dole gumba ni la nani?" akauliza.

Natalia alikuwa amesimama na ufagio. "Nilidhani ni karatasi ya kodi, Bwana Dresa," akasema. "Sijui kusoma."

Scolastica alisikia hasira ikimpanda hadi masikioni. Aligeuka amkabili. Ndipo alipoona shingo ya yule mama, pale maji ya ndoo yalipopita, na akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alipita hapo mara nne na birika. Akafunga mdomo.

Mwamvita aliondoshwa kazini wiki ile, kwa maelezo kwamba mkono wake haufai tena. Scolastica alipewa kazi ya choo na shimo la taka, bila siku ya kupumzika. Wenzake waliacha kula naye. Hata Julius karani, aliyekuwa mtu mwema, akimwona anakuja alijifanya anatafuta kitu mezani. Scolastica alichimba, akabeba, akamwaga chokaa, akanawa, akanawa tena. Usiku alijinusa mikono. Wakati mwingine aliwaza kwamba akikaa pale miaka kumi pua yake itakufa, na hilo ndilo lililomtisha kuliko kofi, kwamba siku moja atafuta sindano kwenye aproni wala asishtuke.

Baada ya wiki tano alipata Jumapili moja, akatembea kwa miguu hadi Katesh. Alimkuta Mzee Selemani dukani, amevaa kofia yake, akipima sukari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye Scolastica?" Akaacha mizani. "Niliandikiwa barua na hospitali. Wanasema binti yangu alijikata kwa shoka. Nami nikajiuliza, shoka gani? Hapa nyumbani kuni tunanunua. Mwamvita hajawahi kushika shoka tangu azaliwe."

Mwamvita alitoka ndani. Alikuwa amekonda, lakini alimkoholea Scolastica kikohozi kile cha Hermani, wakacheka wote wawili hadi machozi yakawatoka, na kwa Scolastica hayakuwa ya kicheko tu. Wakaketi uani. Scolastica akaanza kumwambia pole, kwamba watu wote wanajua alivyokatwa kidole.

"Dada," Mwamvita akamkatiza, "usiende ukisema nimekatwa kidole. Watanihurumia, basi, kumekwisha. Sema mpira ulikuwa na tundu. Tundu ndilo walijibie."

Wakati wa kuondoka Mzee Selemani alimsindikiza hadi nje. "Juzi hospitali yenu iliagiza kwangu magunia matatu ya chokaa ya kupaka," akasema. "Na rangi. Wanasema mkubwa wa hospitali za jimbo anakuja kutoka Arusha, Alhamisi ya wiki ijayo. Nimekuambia tu."

Chokaa ikafika. Kila ukuta ukapakwa, mawe ya njiani yakapakwa, hata mashina ya miti yakapakwa mpaka kiunoni. Mashuka mapya yakatolewa stoo yakinuka dawa ya nondo. Scolastica aliyatazama yote bila kushangaa. Kilichomshangaza kilikuja Jumatano, Hermani alipomtuma Julius kuleta sanduku kutoka stoo ya ndani, ambayo ufunguo wake alikaa nao Hermani mwenyewe. Julius akalifungua mezani. Ndani mlikuwa na mipira ya mikono, jozi ishirini na nne, imepakwa poda, imelazwa safi katika karatasi. Kwenye kifuniko iliandikwa tarehe ya kupokelewa. Ilikuwa ya mwaka juzi.

Scolastica aliisoma tarehe ile, akairudia. Mwamvita aliposhika lile sinia, mipira hii ilikuwa imelala umbali wa milango miwili.

"Bwana Dresa," akauliza, na sauti yake ikatoka ya kawaida kabisa, "hii ilikuwa inangoja nini?"

"Inamngoja mkubwa," Hermani akajibu, bila haya, kama mtu anayejibu swali la kijinga. "Mngepewa ninyi, leo tungemwonyesha nini?"

Alhamisi alfajiri wagonjwa sita wenye vidonda vibaya, ambao harufu yao haikuweza kufichika, walihamishwa kutoka wodini wakalazwa kwenye banda la kuni, juu ya majani. Ndoo za bandeji chafu ziliwekwa humohumo, na mlango ukafungwa kwa kamba. Mmoja wa wale sita alikuwa bibi kizee wa Endasak. Alipobebwa alidhani amekufa na anapelekwa kuzikwa, akawa anawaaga watu.

Mkubwa alifika saa tatu. Alikuwa Mwingereza mzee, mwembamba, mwenye Kiswahili kizuri cha miaka mingi. Alipitishwa kila mahali. Jiko la primasi lilikuwa linaunguruma katika chumba cha sindano, sindano zinachemka, kila nesi amevaa mipira mipya. Akasifu. Bwana Mganga akainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Mwishowe wafanyakazi wakapangwa mstari uwanjani, na mkubwa akauliza, kama inavyoulizwa siku zote:

"Kuna mtu ana neno?"

Upepo wa mlimani ulipeperusha chokaa kavu ya mawe.

"Lipo, Bwana," Scolastica akasema. "Liko kwenye banda la kuni."

Hermani akacheka kidogo. "Huyu, Bwana, kichwa chake hakijakaa sawa."

Lakini Scolastica alikuwa tayari amekwishatoka mstarini, anatembea. Hakugeuka kuona kama anafuatwa. Alifungua kamba, akavuta mlango. Nzi walitoka kwanza. Kisha ikatoka harufu, na mkubwa, aliyekuwa amemfuata hadi hatua mbili nyuma yake, alirudi nyuma na mkono mdomoni. Bibi wa Endasak aliinua kichwa kutoka kwenye majani akawaamkia wote, kwa adabu, kwa lugha yake.

Bwana Mganga alianza kusema neno kwa Kiingereza, mkubwa akainua mkono kumzuia.

Scolastica akatoa mfukoni ule mpira wa zamani wenye viraka, aliouokota kutoka shimoni Jumatano. Akapitisha kidole chake tunduni.

"Mwamvita binti Selemani alishika vyombo vya jipu kwa mpira huu. Alisema una tundu. Kidole chake kimekatwa. Mipira hii tuliyovaa leo imekaa stoo tangu mwaka juzi, tarehe iko kwenye sanduku. Na katika daftari imeandikwa kwamba alikata kuni. Mimi niliambiwa niwe shahidi, nikakataa. Bwana akatazame ule mstari, hauna jina."

Mkubwa akageuka kumtazama Bwana Mganga, si Hermani. "Lete daftari," akasema.

Hapo Natalia, aliyekuwa mwisho wa mstari, akasema kwa sauti ya juu, kwa Kiswahili chake kizito, "Na lile dole gumba ni langu. Si la kodi."

Siku ileile wagonjwa sita walirudi vitandani. Wiki ileile ilikuja amri kwamba jiko la primasi lifungwe kwa mnyororo kwenye meza ya chumba cha sindano, na mipira igawiwe. Scolastica, kwa siku chache, alijisikia kama mtu aliyeoga.

Kisha, baada ya miezi miwili, zikaja barua. Hermani alihamishiwa hospitali nyingine, kubwa kuliko Mabatini, awe dresa mkuu hukohuko. Bwana Mganga alipewa likizo yake ya kwenda kwao, kama ilivyopangwa. Scolastica alipewa karipio la maandishi, kwa kumkabili mgeni wa serikali bila kufuata njia. Kuhusu daftari, mkubwa aliandika mwenyewe mistari miwili: nesi Mwamvita anaweza kurudishwa kazini akitaka, ila yaliyokwisha kuandikwa na kutiwa sahihi na daktari hayabadilishwi.

Hermani alifanyiwa karamu ya kumuaga. Chai, mikate, mbuzi. Bwana Mganga alisoma hotuba, akamsifu kwa uaminifu wa miaka saba, akampa saa ya ukutani. Manesi waliamriwa kuimba, na Scolastica, kwa kuwa ndiye mkubwa wao kwa cheo, aliamriwa ampe maua. Alisimama na maua yale. Hermani alikuja mbele yake, amependeza, koti jipya, akanyoosha mikono yote miwili huku anatabasamu kwa ajili ya watu. Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi, na waliopiga kwa nguvu ni walewale aliowatukana kila asubuhi. Scolastica akawatazama, akaona wengine wana mafuta ya mbuzi midomoni.

Akayaweka maua mezani, kando ya mifupa, akatoka.

Mwamvita alirudi kazini Januari. Alijifunza kushika koleo kwa kidole cha kati, na akawafundisha wasichana wapya namna ya kujaza maji katika kila mpira kabla ya kuuvaa, waone kama unavuja. Baba yake aliandika barua tatu kuhusu lile neno la kuni. Alijibiwa moja, kwamba habari imepokelewa.

Dresa mpya aliitwa Tadei, kijana wa Mbulu, mkimya, kola imepigwa pasi. Asubuhi yake ya kwanza alimkuta Scolastica chumba cha sindano.

"Shikamoo, dada," akasema. Kisha, baada ya kusitasita, "Nimeambiwa nikuangalie sana. Kwamba wewe ni mtu wa fitina."

"Umeambiwa na nani?"

"Na wote."

Scolastica alimtazama, hasa mikono yake. Kucha zilikuwa fupi, safi.

"Marahaba," akasema. "Lete hizo sindano."